Mali ni ya Duka, Maneno ni ya Nani? Jiko la Mvita na Leso za Biashara Street

1. Utangulizi

Historia ya mji wa Mombasa imekwisha kuandikwa mara nyingi, na aghalabu imeandikwa kutoka upande wa bahari. Msomaji hukutana kwanza na majahazi na pepo za msimu, kisha na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha na Wamazrui na Masultani wa Unguja, na mwisho na Waingereza na reli yao. Historia ya lugha nayo hufuata njia iyo hiyo: hutajwa washairi, mashekhe, wamishonari na kamati. Ni mara chache mno msomaji kukaribishwa ndani, akapitishwa ukumbini, akafikishwa uani, mahali ambapo moto huwashwa kila siku, na ambapo wasemaji wengi wa Kiswahili walijifunza lugha yao kabla ya kujifunza jambo jingine lolote.

Makala haya yanakusudia kulitazama jiko la Mombasa kuwa ni mahali pa historia. Hayatazungumzia mapishi kwa ajili ya mapishi. Yatajaribu kuonyesha kwamba jiko hilo limetuachia kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni msamiati wake, ambao umebeba habari za karne nyingi. Ya pili ni maneno yaliyochapwa katika leso, nguo ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imeuzwa katika maduka ya Mombasa, na hasa yale ya Biashara Street. Hoja kuu ni kwamba duka na jiko vimekuwa vikilishana: duka lilipeleka nguo jikoni, na jiko likarudisha maneno dukani. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi swali la nani hasa aliyeyatunga maneno ya leso halina budi kuulizwa upya.

2. Mahali penyewe

Yafaa kwanza kueleza mahali panapozungumzwa. Biashara Street huanzia Digo Road, barabara ambayo Mji wa Kale uko upande wake wa mashariki, na huelekea magharibi. Mwanzo wake ni hatua chache tu kutoka soko kuu la kisiwani, lililofunguliwa mwaka 1914 likapewa jina la Mackinnon. Watu wa mji hawakuliita kwa jina hilo. Walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakalitia irabu zao, likawa Marikiti. Hivyo mwanamke aliyetoka Kibokoni, Kuze au Majengo aliweza kwa mwendo mmoja kununua nazi na bizari Marikiti, kisha akavuka akatazame leso mpya. Vitu hivi viwili, yaani kitoweo na nguo, vilikuwa safari moja, na ni vyema jambo hili likumbukwe katika hoja zitakazofuata.

Mwisho wa safari hiyo ulikuwa jikoni. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale jiko liliwekwa nyuma au juu, mahali ambapo moshi uliweza kutoka bila kuingia vyumbani. Katika nyumba za Kiswahili zilizoenea Majengo na kwingineko kisiwani katika karne ya 20, mpango ulikuwa mwingine. Mbele palikuwa na baraza. Katikati ukumbi, na vyumba pande zote mbili. Nyuma palikuwa na ua. Baraza ilikuwa ya wanaume na wageni. Uani palikuwa pa wanawake na watoto, na huko ndiko lilikokuwa jiko. Tena nyumba nyingi za namna hii zilipangishwa chumba kwa chumba. Jambo hili lina uzito wake, kwani kila chumba kilikuwa na mlango na kufuli yake, lakini ua ulikuwa mmoja. Wanawake wa asili na tabia mbalimbali walikoka moto pamoja, wakionana kila mmoja anapika nini, anakosa nini, na ameletewa nini.

3. Msamiati wa jiko kuwa ushahidi

Mwanahistoria asiye na hati huweza kuyauliza maneno. Msamiati wa jiko la Mvita, ukipangwa kwa asili zake, hugawanyika katika matabaka yaliyo wazi.

Tabaka la chini kabisa ni la Kibantu, nalo linahusu moto na kazi yenyewe ya kupika: moto, jiko, figa, nyungu au chungu, mwiko, kinu, mchi. Maneno haya si ya pwani peke yake. Kikuyu, mbali huko bara, wana riiko kwa jiko, mwĩko kwa mwiko, na nyũngũ kwa chungu. Na ni nyungu hasa, wala si chungu, lisikikalo zaidi katika lahaja za kaskazini za Kiswahili. Mama wa Mvita na mama wa Nyeri, hata wasipoelewana sokoni, wangeelewana kwa sehemu kubwa penye mafiga.

Tabaka la pili linahusu viungo na vyombo vya kuandalia, na hili limetoka ng'ambo. Sahani na birika ni Kiarabu. Sinia nalo ni Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu cha China. Mdalasini, kwa asili yake ya Kiajemi, ni mti wa China. Sufuria limetokana na neno la Kiarabu la shaba, na hili latuambia kwamba sufuria za kwanza kujulikana pwani hazikuwa za alumini kama hizi za leo. Kutoka Bara Hindi yalikuja chapati, bajia, achari na kachumbari. Mchele wa pishori, ambao siku hizi hulimwa Mwea, bado unalo jina la mji wa Peshawar. Wareno nao waliacha meza, pipa na kopo, pamoja na neno leso, ambalo tutalirudia.

Kwa hiyo ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi, ambayo wataalamu huitafuta katika vigae vya vyungu na hati za forodha, imo pia katika kinywa cha mpishi. La kuangaliwa zaidi ni namna matabaka hayo yalivyojipanga. Mgeni alileta kitu cha kuandalia na kitu cha kukolezea. Hakubadilisha jina la moto, wala la jiwe lilishikalo chungu, wala la kijiti kikorogacho. Watawala walipita mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliacha neno mezani. Penye mafiga hakuna aliyefika.

Ushahidi wa maandishi, ingawa ni mchache, unakubaliana na picha hii. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, alieleza kwamba chakula cha wakazi wake kilikuwa hasa ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka barani. Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzoni mwa karne ya 16, aliusifu mji kwa wingi wa nyama, kuku, machungwa, ndimu na makomamanga. Katika maelezo ya mwaka 1331 hamna muhogo, wala mahindi, wala pilipili kali. Wala havingeweza kuwamo, kwa sababu mimea hiyo ni ya Marekani, nayo ilifika pwani baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Muhogo wa nazi, ambao leo huonekana kuwa ni chakula cha wenyeji tangu na tangu, ni ndoa ya nazi ya kale na mzizi mgeni. Hivyo jiko halikuwa mahali pa mila zisizobadilika, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Lilipokea wageni wengi na kuwafanya wenyeji, hata watoto wao wakasahau kwamba walikuwa wageni.

4. Nani aliyepika?

Itakuwa kosa kulisifu jiko bila kuuliza ni nani aliyekaa penye moshi. Katika karne ya 19 nyumba za watu wenye uwezo katika Mombasa zilikuwa na watumwa, na kazi nzito za nyumbani, kama kuteka maji, kutwanga, kukata kuni na kupika, ziliwaangukia wao. Simulizi za maisha za wanawake watatu wa Mombasa zilizokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, na kuchapishwa mwaka 1989, zatuonyesha jinsi mabibi, wajakazi na vizazi vyao walivyoishi karibu sana huku kila mmoja akijua daraja lake. Utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Sheria ile iliwapa watu hali mpya, lakini haikuwapa mafiga mapya. Wengi waliendelea kupika kama walivyopika jana, safari hii kwa ujira, kwa ujamaa, au kwa kuuza.

Nguo ndiyo iliyoonyesha mabadiliko hayo waziwazi. Wanawake watumwa wa mwambao walijulikana kwa kuvaa merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilicholetwa awali kutoka Marekani, au kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi nyeusi au ya nili. Nguo zile hazikuwa na ua wala neno. Katika miaka ile ile ambayo utumwa ulikuwa ukifikia kikomo, Unguja mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907, leso ya rangi na maua ilikuwa ikienea. Mwanamke aliyeachwa huru, au binti yake, aliweza kuivaa nguo ile ile aliyovaa jirani yake muungwana. Haishangazi basi kwamba leso ilipendwa upesi na watu wa daraja zote. Na haishangazi pia kwamba, baada ya muda mfupi, nguo hiyo ilianza kusema.

5. Leso na duka

Neno leso limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono au cha kichwa. Yasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walianza kununua vitambaa vya namna hiyo vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja, sita kwa nguo moja, vitatu juu na vitatu chini. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo iliyochapwa nzima. Nchini Tanzania nguo hii huitwa kanga, kwa kufananishwa na madoa ya yule ndege. Mombasa jina la leso limebaki. Ina sehemu tatu: pindo lizungukalo pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa mbili mbili, na jozi hiyo huitwa doti.

Miongoni mwa maduka ya Biashara Street, lijulikanalo zaidi katika historia ya leso ni la Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887. Leso zake hutambulikana kwa alama iliyochapwa pembeni: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Mapokeo ya wafanyabiashara humpa Abdulla huyo sifa ya kuanzisha desturi ya kutia majina katika leso mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye kwa hati za Kirumi. Kwa muda mrefu nguo zenyewe zilichapwa ng'ambo, katika Bara Hindi, Ulaya na Japani, kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kuanza kuzichapa.

Mnunuzi wa Biashara Street hana desturi ya kununua leso kwa rangi peke yake. Hukunjuliwa, hutazamwa pindo, kisha jina husomwa, mara nyingi kwa sauti, na walio karibu hulipima: wengine hucheka, wengine huguna, mmoja husema kwamba hilo anamjua wa kumpelekea. Baada ya hapo doti hukatwa na kupindwa na mafundi wa cherehani wakaao mbele ya maduka. Mwenye duka husikiliza. Jina lipendwalo huisha upesi, na lisilopendwa hukaa rafuni likififia. Hapa ndipo tunapoanza kuona kwamba mfanyabiashara hakuwa peke yake katika kazi ya utunzi.

Ikumbukwe pia safari ya nguo baada ya kununuliwa. Leso mpya huvaliwa harusini na matembezini. Ikipauka kidogo huwa ya nyumbani: moja hufungwa kifuani au kiunoni, ya pili hujitandwa. Mpishi huifanyia kazi mia. Humbebea mtoto mgongoni, huikunja ikawa kata ya kutulizia mtungi kichwani, hujipangusia jasho, na kwa pembe yake huepua nyungu motoni. Ikichakaa kabisa hupasuliwa, na kipande chake hubaki jikoni kuwa tambara la kuepulia. Hivyo leso huanza maisha yake katika rafu ya Biashara Street na kuyamaliza kando ya mafiga, na jina lake, ambalo nusu limekwisha kufutika, huwa la mwisho kupotea.

6. Maneno ni ya nani?

Alama ile ya pembeni husema Mali ya Abdulla. Kwa Kiswahili kauli hiyo ni sahihi kabisa, kwani mali ni bidhaa, na bidhaa ni ya mwenye duka. Lakini maneno? Maandishi kadhaa juu ya leso yameridhika kumtaja mfanyabiashara kuwa mwanzilishi, na kuishia hapo. Kuna sababu zisizopungua nne za kutoridhika.

Sababu ya kwanza ni umri wa usemi wenyewe. Mwaka 1891 mmishonari W. E. Taylor, aliyefanya kazi Mombasa, alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili. Wakati huo desturi ya majina ya leso ilikuwa haijaanza. Hazina ilikuwako tayari vinywani mwa watu; duka liliikuta, halikuiumba.

Sababu ya pili ni taswira. Sehemu kubwa ya hazina hiyo imetoka jikoni. Mafiga mawili hayainjiki chungu. Jungu kuu halikosi ukoko. Nazi mbovu harabu ya nzima. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni. Mtu asiyewahi kupanga mafiga hawezi kujua kwa mikono yake kwamba mawili hayatoshi. Na asiyewahi kutia nazi iliyooza katika tui zima, akaharibu chakula cha watu, hawezi kuujua uchungu wa methali ile ya tatu. Hata jina la leso lisilotaja chombo chochote, kama lile lijulikanalo sana lisemalo Wema hauozi, limeazima kitendo chake ghalani na kabatini. Wema umelinganishwa na chakula, na kuonekana kuwa bora kuliko chakula kwa sababu ya kudumu.

Sababu ya tatu ni namna ya kusema. Majina ya leso hayamtaji mtu. Husema kwa fumbo, yakamwachia msikilizaji ajitafute mwenyewe. Mtindo huu ndio hasa ufaao ua mmoja wenye meko mengi, ambamo watu hawana budi kuonana kesho na keshokutwa, na ambamo tusi la wazi lingevunja ujirani. Mwanamke aliyefunga leso iliyoandikwa Hasidi hana sababu, akainama kupuliza moto, alikuwa amekwisha kusema lake bila kufungua kinywa. Na jirani aliyeulizia kisa angejibiwa kwamba hiyo ni leso tu, imenunuliwa dukani.

Sababu ya nne ni wasomaji. Katika karne ya 20 mwanamke wa Mombasa alipotoka nje alivaa buibui juu ya leso. Barabarani jina lilifunikwa. Lilifunuliwa pale buibui ilipovuliwa, yaani ndani: ukumbini, uani, jikoni. Maneno yaliyochapwa ili yauzwe mbele ya watu wote sokoni yalikusudiwa kusomwa na wanawake wenzake. Mwandishi yeyote aandikaye kwa wasomaji wake hufuata masikio yao. Na masikio haya yalikuwa ya jikoni.

Hoja hizi hazina maana kwamba kila jina la leso lilizaliwa penye moshi. Yapo ya dua, yapo ya pongezi na ya siasa, na yapo yaliyotungwa na watu wa dukani wenyewe. Wala haitafutwi hapa kumnyang'anya mfanyabiashara sifa yake, kwani bila yeye maneno yale yangebaki mdomoni. Linalodaiwa ni kwamba katika uhusiano huu kulikuwa na pande mbili, na kwamba upande mmoja uliandika jina lake pembeni mwa nguo, na wa pili haukuandika.

Wataalamu wa fasihi husema mara kwa mara kwamba Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita aliyefariki yapata mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Yaweza kuongezwa kwamba, katika karne iliyofuata, wanawake wasiojulikana kwa majina walifanya jambo la namna hiyo: waliutoa usemi jikoni wakaupeleka sokoni, kisha wakaununua tena na kurudi nao nyumbani.

7. Jiko na lahaja

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa lugha hapaswi kulipuuza. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano huo ulifanyika Mombasa yenyewe, mji wa Kimvita. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 1939 zikatoka kamusi za Frederick Johnson. Tangu hapo mtoto wa Mvita alikwenda shule akafundishwa lugha ambayo haikuwa hasa ile aliyoiacha nyumbani.

Matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa mahali. Lugha sanifu ilipewa darasa, ofisi na gazeti. Kimvita kilibaki katika ushairi na nyumbani, na hasa jikoni. Kuinjika nyungu kulibaki huko, wakati vitabu vikisema kuteleka au kubandika chungu. Ikiwa leo mtafiti ataka kusikia Kimvita cha kila siku, kisicho cha tungo, atafanya vyema kuuliza habari za kuni na tui kabla ya kuuliza habari za siasa. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alikusanya mengi ya maneno haya yangali yakitumika na watu wote. Baadhi yake sasa yahitaji kuelezwa kwa vijana wa mji ule ule.

Hata lugha sanifu, pamoja na hayo, haikuweza kulikwepa jiko. Msichana afikapo utu uzima husemwa kuwa amevunja ungo. Kijana aoapo husemwa kuwa amepata jiko. Mzee aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Mwenye kuongeza uwongo hutia chumvi, na wenye kula njama hupika majungu. Safari nzima ya maisha, tangu kubalehe hata uzee, yaweza kusimuliwa kwa vyombo vya jikoni. Lakini semi hizi si za heshima zote. Kumwita mke jiko ni kumfanya yeye na kazi yake kuwa kitu kimoja. Na kusema kwamba wasengenyaji hupika majungu ni kuyadharau mazungumzo ya jikoni kabla hayajasikilizwa. Yamkini dharau hiyo ndiyo iliyotufanya tusiyatafute humo maarifa ya historia.

8. Hitimisho

Jiko la Mombasa limebadilika sana. Jiko la makaa lenye kigae ndani lilienea tangu miaka ya 1980, na neno jiko likaingia katika maandishi ya kitaalamu ya nchi za nje. Gesi imeshika mahali pa kuni katika nyumba nyingi, na tui hupatikana dukani ndani ya pakiti. Nyumba zenye ua zinabomolewa, na badala yake hujengwa ghorofa ambamo kila mpishi amefungiwa na ukuta wake. Mabadiliko haya si ya kulilia yote. Moshi uliwaumiza wengi macho na vifua, na anayezikumbuka kuni kwa hamu mara nyingi si yule aliyezibeba. Hata hivyo, mbuzi ya kukunia nazi ikiwekwa kando, maneno kifumbu, chicha na kasimile huwekwa kando pamoja nayo. Na ua ukipotea, hupotea pia mahali ambapo fumbo lilikuwa na mlengwa.

Leso zingali zikiuzwa Biashara Street, na katika siku za mwisho za Ramadhani ni taabu kupita. Ngome ya Yesu, iliyo mwendo mfupi kutoka hapo, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia, nayo inastahili. Mafiga hayana orodha ya namna hiyo. Lakini orodha ya maneno yaweza kufanywa, na kazi hiyo ni ya idara za lugha kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ingefaa wanafunzi wa Kiswahili watokao Mombasa watumwe nyumbani kwao wakayaandike majina ya vyombo na vitendo vya jikoni kama yanavyotamkwa na bibi zao. Ingefaa pia majina ya leso yakusanywe pamoja na visa vyake: nani aliinunua, alimkusudia nani, na lilijibiwa kwa leso gani. Kazi hiyo yahitaji haraka, maana walioishi katika nyua zile za pamoja wamekwisha kula chumvi nyingi. Tukichelewa tutabaki na mkusanyo mzuri wa nguo, kila moja ikiwa na jina la mwenye duka pembeni, bila ya kujua walikuwa nani waliozifanya ziseme.